Kona ya Elinami

Theluji ikishikana hutoa mlio. Watu wa chini wakiambiwa hivyo hucheka, lakini muulize mkanyagaji yeyote. Anayetangulia hasikii kitu, ni kama anakanyaga unga. Anayemfuata husikia mnong'ono. Wakishapita watu kadhaa, mmoja nyuma ya mwingine, hutoka mlio mkavu kama wa kamba mpya inayokazwa. Hapo unajua theluji imeshika njia ya kuwa barafu, na maji ya mwaka kesho yamewekwa mahali pake.

Kaka yangu Elinami aliusikia mlio huo kabla yetu sote. Alikuwa akikimbia hatua fupi, kama mtu anayepita jikoni amebeba chungu cha moto, na ghafla huinua mkono mmoja. Ilikuwa ishara yake kwetu tuliokuwa nyuma: imeshika, songeni mbele. Nyumbani alikuwa akimwigizia mama mlio ule kwa meno hadi mama anamfukuza mezani.

Asubuhi ninayoisimulia tulitoka kibandani kabla jua halijagusa Kibo. Vishada vilikuwa vimeshushwa. Usiku kucha vilikuwa hewani, vimefungwa kwa nyaya zao, vikimwaga mbegu kwenye ukungu. Mbegu ni unga mwembamba unaougandisha ukungu hata pale ambapo baridi peke yake isingetosha. Theluji ya zamani, ile waliyoiona mababu, ilikuja yenyewe na ikaondoka yenyewe. Hii ya sasa hupandwa, na kama chochote kilichopandwa, inataka kazi. Ikilala bila kukanyagwa, jua la mchana linaichukua yote.

Mashine zilijaribiwa kabla sijazaliwa. Uzito wake ulipasua barafu ya chini, na chemchemi mbili zikafa. Kutembea hakufai, kwa sababu anayetembea huzama tu. Theluji iliyopandwa inataka mguu wa mtu anayekimbia, mguu unaopiga kwa nguvu na kuondoka kabla haujazama, mtu nyuma ya mtu, kuzunguka mlima, kibanda hadi kibanda, majira yote ya baridi. Kwa hiyo kila mfongo, yaani kila mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani hadi migombani kwa watu, hupeleka wakimbiaji wake. Zamani msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ulikuwa wa kuzibua mfongo kwa majembe. Siku hizi unavaa viatu vya sahani na kupanda juu.

Lyatuu ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi chetu. Ana kitambi kidogo ambacho hakiondoki hata azunguke mlima mara ngapi, naye hudai ndicho kinachomsaidia kushindilia.

"Leo ni unga wa dona," alisema tulipoanza. "Umelala mzito. Aika, kaa nyuma yangu, usije ukapotelea humo nikakosa cha kumwambia mama yako."

Lilimponyoka tu, nami nilijua. Nilimwambia, "Wewe kimbia," tukakimbia.

Kukimbia kule juu hakufanani na kukimbia barabarani. Hewa ni haba, kwa hiyo hupigani nayo, unaipokea kidogo kidogo. Macho yanakaa kwenye visigino vya mwenzako. Masikio unayafunika nusu tu, maana ndiyo yanayofanya kazi. Tulipita tambarare ya Shira jua likiwa linachungulia, tukapanda mteremko tunaouita Begani, na huko njia ikapinda kushoto.

Sikumbuki mtu yeyote aliyeamuru ipinde. Msimu wa juzi bamba la theluji lilikatika juu ya Begani, likamfunika Elinami. Tulimtafuta kwa kuchoma fimbo thelujini hadi giza likatuzuia kuonana. Vishada vilikuwa tayari angani mlima mzima, na hakuna namna ya kuvishusha upande mmoja ukaacha mwingine. Asubuhi kulikuwa na theluji mpya juu ya ile iliyomlaza. Kumtoa kulitaka moto, na barafu iliyopandwa ikiguswa na moto hupasuka kwenda mbali. Baraza la mifongo lilitupa pole, likakataa.

Mama alinitumia shina la isale, ule mmea wa majani marefu, kutoka kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo. Nililichomeka pale nilipokisia kuwa ndipo kilipo kichwa cha Elinami. Isale kwetu ni mpaka, tena ni kaburi, tena ni msamaha. Likishasimikwa hulivuki hadi aliyelisimika aling'oe. Hivyo kikosi kilichofuata kilipita pembeni, na kilichofuata hicho kikafuata nyayo, hadi wakimbiaji wa mifongo ambayo haikumjua hata kwa sura wakawa wanalaza miili yao kushoto wakifika pale. Wakapaita Kona ya Elinami. Ilikuwa heshima, nami niliipokea.

Asubuhi ile Lyatuu hakupinda. Alisimama penye kona, akachomeka fimbo ya kupimia ndani ya kipande kile kisichokanyagwa. Ikazama yote hadi mkono wake ukagusa theluji.

"Njoo usikilize," aliniambia.

Nilipiga magoti. Chini kabisa maji yalikuwa yanatembea. Katikati ya baridi, wakati ambapo kila kitu kinapaswa kuwa kimelala, maji yalikuwa yanatembea.

"Yanakwenda wapi?"

"Kwenye korongo la mashariki. Yakitoka huko yanaingia mchangani, hakuna anayeyanywa." Alijipangusa pua. "Barafu ya Begani ndiyo inayoilisha chemchemi ya kijiji cha Nkyari, unajua. Wamekwisha kuleta habari kwamba mfongo wao umepungua, na huu ni mwanzo. Yakishazoea korongo, hata tukija kukanyaga mwaka kesho hayatarudi."

Wenzetu walikuwa wamesimama nyuma, wakipiga miguu chini ili isigande, wakitazama kwingine.

"Kuna jambo la pili," Lyatuu akasema. "Bora ulisikie kwangu. Mwaka jana barafu ya pembeni ilikuwa bado inalishika bamba hili; sasa maji yameliachanisha nayo. Likiachwa hivi, jua la mwezi wa tisa litalifungua."

"Litafunguka, halafu?"

"Atatoka, Aika. Mtampata. Tukipakanyaga sasa, pataziba, na hatatoka maisha yetu yote."

Nilikitazama kile kipande cheupe. Hakikuwa kikubwa, uwanja wa nyumba moja tu, na ndani yake shina la isale limesimama, majani yameganda na kuwa meusi.

"Kwa nini unaniambia mimi? Wewe ndiye kiongozi."

"Naweza kuamuru," akasema. "Nani atapita? Mimi mwenyewe sipiti."

Tukapinda kushoto, tukaendelea.

*

Mchana tulipofika kibanda cha pili niliomba redio ya upepo, nikamwita mama. Nilianza na lile la mwezi wa tisa. Sijui kwa nini nilianza na hilo. Labda nilitaka kumsikia akifurahi kwanza.

"Mwezi wa tisa," akarudia. Nilisikia kuku wake, na mtu akitwanga mahali. "Basi ile migomba miwili niikate. Imeanza kuingia pale pake. Nimekuwa nikifagia, lakini migomba haina adabu."

Pale pake, mahali alipomwekea Elinami, ni kando ya kaburi la baba. Mama hakuchimba, lakini hakuwahi kupapanda kitu tangu msimu ule. Kila Jumamosi alipafagia kama anavyofagia uwanja.

"Mama, kuna lingine."

Nikamweleza habari za Nkyari. Nilimweleza taratibu kama Lyatuu alivyonieleza, fimbo, maji, korongo.

"Bibi yako alizaliwa Nkyari," akasema. "Unajua hilo?"

"Najua."

"Shingo yako ile ndefu ni ya kwao."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Usiniulize mimi." Sauti yake haikupanda. "Mimi ni mama yake, nitasema mlete. Ukiniuliza leo nitasema mlete, ukiniuliza kesho nitasema mlete. Kwa hiyo usiniulize. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Uji na ndizi za kukausha."

"Kula tena," akasema, akafunga redio.

*

Jioni alikuja mgeni. Tulimwona mbali, doa moja jeusi linalopanda kutoka upande wa msitu, linasimama, linapanda tena. Alipofika mlangoni tuliona ni mwanamke wa umri wangu, amejifunga kanga kichwani juu ya kofia ya sufu, na miguuni ana buti za mvua ambazo bila shaka zilikuwa za mtu mwingine.

"Hodi humu."

"Karibu. Mama wee," Lyatuu akasema akitazama buti. "Umekuja shambani au umekuja mlimani?"

"Nilikuja mlimani, miguu imebaki shambani. Siisikii." Akaketi kwenye benchi, nasi tukamvua buti na kumsugua vidole kwa kitambaa kikavu. Alikuwa akitazama nje mlangoni. "Kumbe ndiyo hii. Maisha yangu yote nagawa maji yake, nikidhani ni laini."

Aliitwa Anaeli. Yeye ndiye aliyegawa zamu za maji kwenye mfongo wa Nkyari: nani afungue leo asubuhi, nani jioni, nani asubiri. Kazi hiyo humfanya mtu asipendwe na nusu ya majirani zake kila siku, nusu tofauti. Aliinywa chai yote, akarudisha kikombe, ndipo akaniangalia.

"Wewe ndiye Aikande."

"Ndimi."

"Pole sana na kaka. Nilitaka kuja wakati ule, sikuja. Mtu anasema kesho."

"Asante, dada. Nimeshapoa."

"Hapana," akasema, kama anayenisahihisha bei sokoni. "Haya. Unajua nilichokuja nacho?"

Nilijua. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi kidevuni, na upande wa kushoto kulikuwa na kitu kirefu kilichosimama kutoka kiunoni hadi karibu na bega. Kwetu mtu akija na isale mkononi kukuomba jambo, humkatalii. Hata awe amekuulia ng'ombe. Unaweza kulia, unaweza kumtukana kwanza, lakini humkatalii.

"Sijalitoa," Anaeli akasema. "Nikilitoa utakuwa huna la kusema, na mimi sikupanda huku kuja kukuziba mdomo. Ndiyo maana liko ndani ya koti. Nataka tuzungumze kwanza kama watu."

Lyatuu aliinuka akatoka nje na wenzake, akisema wanakwenda kukagua nyaya za vishada. Hapakuwa na nyaya upande ule.

"Ninyi mmesemaje huko?" nikamwuliza.

"Tulikaa kikao. Wazee kwa vijana. Wengi walisema tuvumilie. Atoke, azikwe kwao, halafu ndipo mkanyage. Walisema hivyo kwa moyo kabisa, dada, nisiwasingizie. Tunaweza kuchota kwa majirani, tunaweza kulala foleni. Sisi tungevumilia."

"Sasa?"

"Migomba haiwezi. Na fundi wa baraza la mifongo alituambia maji yakishahama hayarudi." Akashika magoti yake kwa viganja. "Chemchemi yenyewe nilipita kuiona nikija. Inatoka kama mzee mwenye kibofu. Nilisimama pale nikasema, nikirudi chini bila kupanda, na hili nalo litakuwa la kusema kesho, kama ile pole."

Nilimwambia kuhusu mama na ile migomba miwili. Sikutaka kumwumiza, nilitaka ajue tu kilichokuwa upande wangu. Alisikiliza bila kutikisa kichwa.

"Mimi nina watoto watatu wa kiume," akasema. "Ningekuwa mama yako ningekuja huku na jembe nichimbe mwenyewe, na Nkyari wangejua wenyewe watakunywa nini."

"Sasa mbona unaniomba?"

"Kwa sababu mimi siye mama yako. Mimi ni mgawa maji." Akacheka kidogo, bila furaha. "Kuna mjane mmoja kwetu, kila zamu yake ikifika analia nimpe saa ya mwenzake. Nampenda yule mama. Simpi."

Jiko lilikuwa linapiga kelele ndogo ndogo. Nilifikiri kwamba ningeweza kutosema lolote. Kesho vikosi vingefika Begani na kupinda kushoto, na kesho kutwa pia, na mwezi wa tisa ungekuja wenyewe. Hakuna ambaye angenilaumu, kwa sababu hakuna ambaye angeweza kusema nilifanya kitu. Wangepinda kwa heshima, hatua kwa hatua, na heshima hiyo hiyo ndiyo ingeikausha Nkyari. Na Elinami, aliyekuwa hawezi kuruka hata kipande kidogo bila kurudi kukipiga tena, angekuwa ndiye sababu.

"Lilale humo humo kwenye koti," nilimwambia Anaeli. "Usilitoe."

Hakuniuliza maana yake. Alijilaza kwenye benchi na kanga yake, na mimi nikajilaza chini, na kati yetu hakuna aliyelala upesi.

*

Asubuhi tulirudi kinyume cha njia hadi Begani. Anaeli alitufuata polepole, na viatu vya akiba ambavyo Lyatuu alimtafutia. Anga lilikuwa safi, na theluji ya usiku imelala juu ya ile kona bila alama hata ya ndege.

Niliwaambia wasimame. Nikaingia peke yangu, nikizama hadi magotini, hadi kwenye isale. Lilikuwa limeshikwa na baridi, nikalitikisa mara nyingi kabla halijatoka. Tundu lililobaki lilikuwa dogo na la buluu. Nilipiga magoti nikalifunika kwa mikono. Nilisema maneno yangu, ambayo ni ya Elinami peke yake.

Kisha nikarudi mwanzo wa kona, nikamkabidhi Anaeli isale, nikafunga vizuri kamba za viatu.

Nilitaka kupita taratibu. Usiku wote nilikuwa nimejiona nikipita taratibu, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Nikaanza hivyo, mguu mmoja, mguu wa pili, mwepesi kadiri nilivyoweza. Nilizama. Nikarudi, nikaanza tena, mwepesi zaidi, nikazama zaidi.

"Aika," Lyatuu akaita. Hapakuwa na mzaha wowote uliobaki ndani ya sauti yake. "Haishiki, mdogo wangu."

"Naona."

"Inabidi upige."

Nilijua inabidi nipige. Nilikuwa nimeifanya kazi hiyo tangu nimalize shule, niliijua kuliko ninavyojua sala. Nilisimama pale mikono ikiwa kiunoni, nikivuta ile hewa haba. Halafu nikakumbuka hatua za Elinami, kama amebeba chungu cha moto. Nikafupisha hatua. Nikaenda nyuma mbali kidogo nipate mwendo, nikaja nikikimbia, nikaingia kwenye kona nikipiga kwa uzito wangu wote, kisigino, sahani, kisigino, sahani, juu yake, moja kwa moja, sikupinda.

Hapakuwa na sauti. Unga.

Nikageuka nikapita tena, nikasikia pumzi ya Lyatuu nyuma yangu, na nyuma yake wengine. Tulizunguka. Theluji ilinong'ona, ikanyamaza, ikanong'ona. Jua lilifika begani mwa mlima na miguu yangu ikawa si yangu, na bado tulizunguka, na mahali fulani katika mizunguko ile, chini ya viatu vyangu, ulitoka mlio mkavu kama wa kamba inayokazwa.

Niliinua mkono mmoja.

Kikosi cha mfongo mwingine kilikuwa kimekwisha fika na kusimama. Kiongozi wao aliona pale pasipo na isale, akaniangalia. Nikamwashiria apite. Walipita katikati, moja kwa moja, mmoja baada ya mwingine, ila yule wa mwisho, ambaye mwili wake ulilala kushoto kwa mazoea kabla miguu haijamrudisha njiani.

Anaeli alikuwa ameketi juu ya jiwe, isale langu mapajani. Alilikunja jani moja likavunjika kama kigae.

"Hili limekufa kwa baridi," akasema. "Ulikuwa unataka lipelekwe kwa mama yako?"

"Nilitaka. Apande pale anapofagia."

"Halitaota."

Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa vidole vilivyofungwa vitambaa, akatoa lile la kwake. Lilikuwa kijani, limelowa kidogo kwa jasho lake, na shina lake lilikuwa zima.

"Hili limelala kwenye joto. Nitapita kwa mama yako nikishuka," akasema. "Si mbali sana na njia yangu."

Ilikuwa mbali sana na njia yake.

*

Kesho yake jioni mama aliniita mwenyewe, jambo asilolifanya, kwa sababu haipendi redio.

"Kuna mgeni hapa," akasema. "Kaja na viatu vya ajabu, havifanani kulia na kushoto."

"Mpokee, mama."

"Nimempokea. Nimemwambia apumzike, kashika jembe. Wa Nkyari ndivyo walivyo, hawasikii." Nilisikia jembe kweli, likigonga jiwe, likinyamaza, likigonga. "Migomba nimeiacha. Isale halitaki nafasi kubwa."

"Sawa, mama."

"Umepita juu yake?"

"Nimepita."

"Taratibu?"

"Hapana, mama. Kwa nguvu."

Jembe lilisimama. Kuku walikuwa wanagombania mahali pa kulala.

"Na ule mlio wake," mama akauliza, "ule aliokuwa anauiga kwa meno. Umetoka?"

"Umetoka."

"Basi," akasema, na nilimsikia akimwambia Anaeli asifukie bado, asubiri kidogo, analeta maji.